Manjano na upasuaji wa kongosho: je, lazima nyongo itolewe kwanza?

Dhana: Mgonjwa mwenye manjano hapasuliwi kongosho mpaka nyongo iliyokwama itolewe.

Imani hii haikuzuka hivi hivi. Uvimbe kwenye kichwa cha kongosho hubana mrija wa nyongo, bilirubini (rangi ya njano iliyomo kwenye nyongo) ikapanda katika damu, macho na ngozi vikawa vya manjano. Allen Whipple, aliyeeleza upasuaji huu Marekani mwaka 1935, aliufanya kwa awamu mbili: kwanza aliipa nyongo njia nyingine, kisha baadaye akaondoa uvimbe. Ilipokuja stenti, yaani kijibomba kinachoacha mrija wa nyongo wazi, inayowekwa kwa endoskopi (bomba lenye kamera) kupitia mdomoni, wengi waliona jibu limepatikana.

Mwaka 2010 Waholanzi walichapisha utafiti wa wagonjwa 202 wenye bilirubini ya mikromoli 40 hadi 250 kwa lita. Kundi moja lilipangiwa upasuaji ndani ya wiki moja. La pili liliwekewa stenti na kusubiri wiki 4 hadi 6. Matatizo makubwa yaliwapata asilimia 39 ya kundi la kwanza na asilimia 74 ya kundi la pili. Sababu inaeleweka: stenti hufungua njia ya bakteria wa utumbo kupanda hadi kwenye mirija ya nyongo, na ikiziba, maambukizi huja kwa kasi.

Dhana: Basi stenti haifai.

Hapana! Mwenye homa na kutetemeka kwa maambukizi ya mirija anaihitaji haraka. Vilevile anayeanza na dawa za saratani kabla ya kisu, mwenye bilirubini iliyopanda mno, au ambaye upasuaji wake utachelewa kwa wiki kadhaa. Tena utafiti ule ulitumia stenti za plastiki. Za chuma ni pana zaidi na hazizibi upesi.

Dhana: Damu ya mwenye manjano haigandi, kwa hiyo hapasuliki.

Nyongo isipofika utumboni, vitamini K, inayosaidia damu kuganda, haifyonzwi vizuri. Mara nyingi sindano ya vitamini hiyo hurekebisha hali.

Dhana: Manjano yakiisha, amepona.

Hii ndiyo inayonitia hofu zaidi. Stenti hupitisha nyongo tu. Uvimbe uko palepale na unaendelea kukua. Macho yakiwa meupe tena, tarehe ya upasuaji isiahirishwe. Na homa ikitokea baada ya kuwekewa stenti, mgonjwa apelekwe hospitali siku hiyohiyo.