Hesabu hazijaisha, na mimi si mhasibu wa kikao

Jumamosi, kwenye kikao cha tatu cha harusi ya mpwa wangu, nilikabidhiwa tena daftari la michango. "Mpeni mwalimu, huyo mtu wa hesabu." Nikajumlisha, nikakosea kwa laki mbili. Walipomaliza kucheka, shemeji akaniuliza lile swali nililolisikia hadi masikio yameota sugu: "Lakini mwalimu, hesabu si zilishaisha? Moja na moja ni mbili tangu enzi za babu. Huko chuoni mnatafiti nini?"

Nikageuza kadi ya mchango, nikamwandikia nyuma yake. Chukua namba nzima yoyote kuanzia 1. Ikiwa shufwa, igawe kwa mbili. Ikiwa witiri, zidisha kwa tatu, ongeza moja. Rudia. Ukianza na 6 unapata 3, 10, 5, 16, 8, 4, 2, 1. Sasa nenda nyumbani ujaribu 27.

Hiyo 27 hupanda hadi 9,232 kabla ya kuporomoka, na hufika 1 baada ya hatua 111. Je, kila namba mwishowe hufika 1? Hakuna anayejua. Swali hili, linalohusishwa na Mjerumani Lothar Collatz, lipo tangu miaka ya 1930. Mtoto wa darasa la tano analielewa. Mimi na udaktari wangu silipatii jibu.

"Si mwiachie kompyuta ijaribu?" Hapo ndipo damu huanza kunichemka. Kompyuta imeshajaribu, namba nyingi kuliko tutakazozihesabu sote kwa umri wetu, na zote zimefika 1. Hiyo bado si uthibitisho. Mwaka 1919 mwanahisabati George Pólya alikisia hivi: vunja kila namba katika vigawo vyake tasa, kisha hesabu ni vingapi, vinavyojirudia pia (12 ni 2×2×3, kwa hiyo vitatu). Ukisimama popote kuanzia 2, angalau nusu ya namba ulizopita zitakuwa na idadi witiri ya vigawo. Jaribu hadi mia, sawa. Hadi milioni, sawa. Mwaka 1958 mwanahisabati mwingine, Haselgrove, akathibitisha kwamba dai ni la uongo, bila hata kuonyesha ni wapi linapovunjika! Baadaye ndipo pakaonekana mahali pa kwanza: 906,150,257. Unatembea milioni mia tisa na ushei bila kujikwaa, halafu shimo. Kazi yetu ni kujua kama kuna shimo bila kutembea njia nzima. Kukokotoa ni jambo jingine kabisa, na ndiyo maana daftari la michango linanishinda.

Kuhusu ngazi za kazi sina mengi: GPA kubwa, uzamili, uzamivu (mara nyingi nje, ukipata ufadhili), kisha makala, makala, makala. Mwenzangu wa modeli za malaria hutoa tatu kwa mwaka. Mimi moja ikitoka nashukuru, na hiyo moja imewahi kukaa kwa wahakiki miezi kumi na tisa.

Linaloniudhi zaidi ni majina. Katika hisabati halisi, ile ya nadharia, waandishi hupangwa kwa alfabeti, si kwa ukubwa wa mchango, basi. Jina langu linaanza na W. Nilipoomba kupanda cheo, mjumbe mmoja aliniuliza kwa upole wa daktari anayetoa habari mbaya: "Mbona kila makala wewe ni wa mwisho?" Nikaeleza. Akaandika kitu. Kisha akaniuliza mchango wangu ulikuwa asilimia ngapi. Wazo la kwanza lilikuwa langu, likawa na kosa. Mwenzangu aliyegundua kosa ndiye aliyetuonyesha njia. Hiyo ni asilimia ngapi?

Wanafunzi wakiniuliza kama wafuate njia hii, zamani niliwasimulia habari za Yitang Zhang. Baada ya uzamivu alikosa kazi ya chuo kwa miaka, akafanya kazi hata kwenye mgahawa wa Subway. Mwaka 2013, ameshavuka hamsini, akathibitisha kwamba kuna jozi zisizo na kikomo za namba tasa zinazopishana kwa chini ya milioni 70. Haukupita mwaka, wengine wakaishusha hadi 246. Hadithi tamu, lakini siku hizi naisimulia kwa kusita. Tunamjua Zhang kwa sababu alifika. Waliofanya kazi mgahawani na uthibitisho wao ukakataa, nani anawasimulia?

Nami sijui niko kundi gani. Makala yangu bora imesomwa kwa makini, nadhani, na watu wanne, mmoja wao akiwa mhakiki aliyelazimika. Kuna wiki naamka saa kumi alfajiri kwa furaha ya ulinganifu mmoja mdogo, na kuna miezi naona afadhali ningesomea bima.

Jana usiku shemeji amenitumia picha ya ile kadi kwa WhatsApp. Ameijaza pande zote, amehamia kwenye bahasha. "Mwalimu, hii 27 inanizungusha tu!" Nimeikuza picha. Amekwenda vizuri hatua ishirini na sita, hadi 155, kisha ameandika 465. Amesahau kuongeza moja.