Uzito unaorudi: mlo wakati wa kutibu thairoidi iliyozidi kasi

Mtu mwenye thairoidi iliyozidi kasi mara nyingi hukonda huku akila kuliko wote mezani. Akianza dawa, kwa mfano kabimazoli, baada ya miezi michache nguo huanza kumbana, naye huilaumu dawa. Lakini si dawa inayomnenepesha.

Tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hutoa homoni za T4 na T3, ambazo ndizo huamua kasi ya mwili kutumia nishati. Zikizidi, mwili huunguza chakula hata mtu akiwa amelala. Kisipotosha, huunguza mafuta na misuli. Tiba huishusha kasi hiyo, ila mazoea ya kujaza sahani hayashuki nayo. Mtu anakula kama jana, mwili unatumia pungufu ya jana, na kinachobaki kinawekwa akiba.

Kilo za mwanzo zisikutie hofu. Nyingi ni zile ulizonyang'anywa na ugonjwa, na sehemu yake ni misuli unayoihitaji. Ndiyo maana siungi mkono kujinyima tangu siku ya kwanza. Kula ushibe kwanza; mapigo ya moyo yakitulia na mikono ikiacha kutetemeka, anza kupunguza kidogo kidogo. Punguza vinywaji vya sukari, vyakula vya kukaanga na kile kipakuo cha pili. Usipunguze protini: mayai, samaki, kunde na maziwa ndivyo vinavyojenga misuli upya. Maziwa yana kalisi pia, na mifupa inaitaka, kwa kuwa homoni zikizidi huidhoofisha. Mwani na vidonge vya iodini usiviguse bila ushauri wa daktari, maana iodini ndiyo malighafi ya homoni hizo.

Wapo wanaoacha dawa kwa siri ili wakonde. Naomba usifanye hivyo! Ugonjwa ukirudi, moyo unaweza kupoteza mpangilio wa mapigo, na hali ikizidi huhatarisha maisha.

Ikiwa uzito unapanda huku unahisi baridi, uchovu na choo kigumu, usijilaumu kwa ulaji. Huenda kipimo cha dawa kimekuwa kikubwa na tezi sasa imelala. Omba upimwe damu mapema. TSH, homoni itokayo chini ya ubongo na kuiamuru thairoidi ifanye kazi, inaweza kubaki chini kwa miezi kadhaa baada ya tiba kuanza, kwa hiyo T4 nayo ipimwe.