Je, wajua kwa nini mashabiki wa komiki hawaishi kubishana ni nani aliyemtunga Spider-Man?

Fungua toleo lolote la Spider-Man la miaka yake ya mwanzo, na ukurasa wa kwanza utakupa majina mawili: Stan Lee ameandika, Steve Ditko amechora. Ungedhani shauri limekwisha. Lakini wakusanye mashabiki wanne, utaje majina hayo, na ubishi utawaka upya. Mmoja atasema Lee ndiye baba wa Spider-Man, mwingine atasema Lee alijaza maneno tu juu ya kazi ya mwenzake. Si ushabiki mtupu. Wanabishania namna kurasa zile zilivyotengenezwa, maana katika Marvel, kampuni iliyotoa komiki hizo, ya miaka ya 1960 picha zilitangulia, maneno yakafuata.

Kwa kawaida mwandishi wa komiki ndiye anayetangulia. Anaandika mswada kamili, ukurasa kwa ukurasa na fremu kwa fremu, yaani kila kisanduku cha picha: nani yupo, amesimama wapi, anafanya nini, anasema nini. Toleo la kurasa 20 lenye fremu tano au sita kwa ukurasa linamdai maelezo ya fremu 100 hadi 120 kabla mchoraji hajagusa penseli. Mwandishi mgeni huanguka kwenye mambo yaleyale. Anaandika "anafungua mlango, anaiona maiti, anageuka na kukimbia" na kuiita fremu moja, ilhali hizo ni tatu, kwa sababu picha iliyotulia hubeba tendo moja. Anasahau kwamba viputo vya maneno husomwa kutoka kushoto kwenda kulia, hivyo anayesema kwanza asimame kushoto, la sivyo mikia ya viputo itapishana. Na jambo la kushtua analiweka ukurasa wa kulia, ambako jicho limekwisha kuliona kabla ya wakati wake. Mahali pake ni ukurasa wa namba shufwa, ule unaofichuka baada ya kugeuza karatasi.

Marvel hawakuwa na nafasi ya kufanya hivyo. Lee alikuwa mhariri na papo hapo mwandishi wa magazeti mengi ya kampuni, na wachoraji wake walilipwa kwa ukurasa. Mchoraji anayengoja mswada halipwi. Basi Lee akawa anatoa muhtasari badala ya mswada. Ule wa toleo la kwanza la gazeti la Fantastic Four, la mwaka 1961, upo hadi leo, umepigwa taipu. Kadiri kazi ilivyozidi, muhtasari ukawa mfupi zaidi, na kwa wachoraji aliowaamini ukageuka mazungumzo tu. Mchoraji akienda nyumbani na wazo hilo, yeye ndiye aliyeamua mapigano yachukue kurasa ngapi, nani aingie mlango upi, uso upi uonekane kwa karibu, mara nyingi hata kisa kiishe vipi. Kurasa za penseli zikirudi, Lee aliandika mazungumzo na kuonyesha kila kiputo kikae wapi, mtia herufi akayaandika kwa mkono juu ya karatasi ileile, na mtia wino akamalizia. Huu ndio unaoitwa mtindo wa Marvel.

Ubora wake unaonekana wazi katika Amazing Spider-Man toleo la 33, la Februari 1966. Spider-Man amenaswa chini ya mtambo mzito, maji yanavuja juu yake, na dawa ya kumwokoa shangazi yake May iko mbele ya macho yake, mkono haufiki. Mswada wa kawaida ungemtoa hapo kwa fremu tatu. Ditko alitumia kurasa kadhaa: fremu finyu kwanza, kisha fremu zinapanuka kadiri mtambo unavyoinuka, hadi picha moja inayomeza ukurasa mzima. Mwendo ule hauandikiki kirahisi, mtu lazima aupime kwa penseli. Lakini maneno anayojiambia Spider-Man akiwa chini ya chuma ni ya Lee, na ukiyaondoa unabaki na mtu anayenyanyua mzigo, bila aibu wala hofu ya kijana aliyewahi kumkosea mjomba wake. Binafsi naona tukio hili ndilo jibu bora kwa wanaotaka kumfuta mmoja kati ya hao wawili.

Mtindo huo ulikuwa na kasoro zake. Mchoraji akijiachia katika mapigano ya katikati, hujikuta kabakiwa na kurasa mbili za kumalizia kisa kizima, na mwandishi hana la kufanya ila kujaza viputo vya maelezo hadi picha zinakosa pumzi. Haraka nayo ilileta yake. Katika toleo la kwanza la Amazing Spider-Man, Peter Parker, yaani Spider-Man mwenyewe, anaitwa Peter Palmer. Bruce Banner, yaani Hulk, aligeuka Bob Banner mwaka 1964, na ili kuficha aibu ikatangazwa kwamba jina lake kamili ni Robert Bruce Banner. Jina hilo limebaki.

Kasoro kubwa, hata hivyo, ilikuwa ya fedha. Malipo yalifuata cheo: anayeandika analipwa ya kuandika, anayechora analipwa ya kuchora, na kazi ya kutunga kisa, iliyohamia kwa mchoraji kimyakimya, haikuwa na fungu lake. Ditko alianza kutajwa kuwa mtunzi wa visa mwaka 1965, wakati ambapo yeye na Lee walikuwa hawasemezani tena, kurasa zikipelekwa ofisini kupitia mtu wa kati. Toleo lake la mwisho lilikuwa la 38, mwaka 1966. Mchoraji Wally Wood, aliyempa shujaa Daredevil vazi lake jekundu mwaka 1965, alilalamikia jambo lilelile, akatajwa kuwa mwandishi katika toleo la 10, na hazikupita siku nyingi akaondoka.

Kuna uvumi usiokufa kwamba Ditko aliondoka kwa sababu Lee alitaka Green Goblin, adui wa Spider-Man, chini ya kinyago awe Norman Osborn, na Ditko akataka awe mtu asiyejulikana. Ditko mwenyewe aliukanusha baadaye katika makala zake: alikuwa amemkusudia Osborn. Ukiusikia tena, usiupokee.

Kwa Jack Kirby, mchoraji wa Fantastic Four, mambo yalikwenda mbali zaidi. Alirudisha kurasa za Fantastic Four toleo la 48, la mwaka 1966, zikiwa na mtu wa rangi ya fedha anayeteleza angani juu ya ubao, mtu ambaye hakuwamo katika mazungumzo yao. Kirby alieleza kwamba kiumbe mkubwa kama Galactus, adui wa kisa hicho, hakosi mjumbe wa kumtangulia. Lee amekisimulia kisa hiki mwenyewe. Mjumbe huyo, Silver Surfer, Lee akampa usemi wa mwanafalsafa mwenye huzuni, na mwaka 1968 akampatia gazeti lake na asili mpya pamoja na mchoraji John Buscema, bila Kirby. Sasa nani alimtunga? Mwaka 2014 Marvel na warithi wa Kirby walimaliza kesi yao kwa kupatana, na tangu hapo jina lake likaanza kutajwa ipasavyo.

Lee naye alikuwa na msimamo wake. Mwaka 1999 aliandika barua ya wazi akisema siku zote amemhesabu Ditko kuwa mtunzi mwenza, na Ditko hakuridhika, kwa kuwa kumhesabu mtu hivyo si kukiri kwamba ndivyo alivyo. Kwa Lee, mwenye wazo ndiye mtunzi. Kwa Ditko, wazo ambalo halijachorwa bado si komiki.

Ukitaka kupima mwenyewe, chukua toleo la wakati huo, ufunike viputo vyote kwa vipande vya karatasi na usome picha peke yake. Katika kazi za Ditko na Kirby kisa karibu chote kinaeleweka. Kisha funua, uangalie pale maneno yanapodai jambo ambalo picha haionyeshi: hapo umeufikia mshono kati ya mchoraji na mwandishi. Na ukibahatika kuona picha za kurasa asilia za Kirby, angalia pembezoni. Utakuta maelezo yake ya penseli, akimwambia Lee kinachotendeka kwenye kila fremu.

Mshono huo unaweza kugeuza maana kabisa. Mchoraji John Byrne amesimulia kwamba katika X-Men toleo la 140, la mwaka 1980, alimchora Colossus, shujaa mwenye nguvu nyingi, aking'oa kisiki bila taabu. Chris Claremont, aliyeandika maneno baadaye, akamfanya ahangaike nacho. Picha haikuguswa hata mstari mmoja. Byrne aliliacha gazeti hilo baada ya matoleo mengine matatu.