Ini la mtoto na kipimo cha MRI: maneno ya kwenye benchi na ukweli wake

Kazi yangu ni kupiga picha za hospitali huku Nyanda za Juu Kusini, na nimeshazoea kwamba benchi la kusubiria lina madaktari wengi kuliko wodi. Siku moja alikaa hapo bibi mmoja wa Rungwe na mjukuu wake wa miaka 9, macho njano kama kiini cha yai la kienyeji, mtoto anajikuna mikono bila kupumzika. Barua ya daktari ilisema inadhaniwa kinga ya mwili inashambulia ini, apigwe MRI, yaani picha ya ndani ya mwili kwa mashine ya sumaku, ya ini na mirija ya nyongo. Kabla zamu yao haijafika, bibi alikuwa ameshapewa ushauri na kila aliyekaa karibu. Nayaandika niliyoyasikia siku ile, na mengine ya siku nyingine, maana yanarudi yaleyale.

"Hiyo ni homa ya manjano, itamwambukiza na mdogo wake"

Jina ndilo linalotuchanganya. Homa ya manjano ni ugonjwa wa virusi unaoletwa na mbu. Macho kuwa ya njano ni dalili tu kwamba rangi ya njano ya nyongo imezidi kwenye damu, na sababu zake ni nyingi. Homa ya ini aina ya A hupita kwenye maji na chakula, aina ya B kwenye damu na toka kwa mama kwenda kwa mtoto. Huu tunaouzungumzia haumo humo. Ni askari wa mwili wenyewe waliogeuka na kuanza kupiga seli za ini. Hauambukizi kwa kikombe, kwa kijiko wala kwa kulala kitanda kimoja. Yule binti alikuwa ametengewa sahani yake nyumbani, ya plastiki, na alikuja nayo kwenye mfuko.

"Ini ni la walevi"

Mtoto wa miaka 9 hajawahi kuonja kimpumu, pombe yetu ya kienyeji. Tuendelee.

"MRI ni mionzi mikali, itamharibu kizazi"

Hapa lawama nyingine ni yetu, maana mlango mkubwa umeandikwa "Idara ya Mionzi" na ndani yake tumeweka kila kitu. Eksirei na siti skani hutumia mionzi kweli. MRI haitumii. Inatumia sumaku na mawimbi ya redio. Nguvu yake kwa kawaida ni tesla (kipimo cha nguvu ya sumaku) 1.5 au 3, na hiyo 1.5 tu inazidi sumaku ya dunia zaidi ya mara 30,000. Ndiyo maana ugonjwa unaohitaji kufuatiliwa kwa miaka mingi, kwa mtoto anayekua, hupendelewa kupigwa kwa njia hii: ukirudia mara tano humrundikii mionzi.

Hatari yake iko kwingine, kwenye chuma. Huku kwetu baridi ya Juni inafanya watoto waje na sweta za mitumba zenye zipu na vifungo vya chuma. Kuna pini ndani ya rasta, bangili, shanga za kiunoni zilizotungwa kwenye waya, na hirizi ambayo mama haitaji mpaka umuulize mara ya tatu. Siulizi kwa kumhukumu mtu. Vua vyote, mfunike mtoto khanga, khanga haina chuma.

Na lile swali la TANESCO: umeme ukikatika, mtoto atanaswa mle? Hapana. Kitanda huvutwa nje kwa mkono. Kinachowashangaza watu ni kwamba sumaku yenyewe haizimiki umeme ukikatika. Nyaya zake zimezamishwa kwenye heliamu, gesi iliyopozwa mpaka ikawa maji, yenye ubaridi wa karibu nyuzi 269 chini ya sifuri, na zikipoa hivyo umeme huzunguka ndani yake bila kupungua. Kwa hiyo hata taa zikizima, usikimbilie mle ndani na funguo mfukoni.

"Ultrasaundi tumeshapiga, MRI ni kula hela tu"

Hili nalijibu kwa urefu, maana hela ni hela, na aliyetoka Ludewa ameshalipa nauli, chakula na mahali pa kulala.

Ultrasaundi ni kipimo kizuri. Inaona mawe kwenye kifuko cha nyongo, uvimbe, bandama lililokua, na mwendo wa damu. Lakini ndani ya ini kuna mti mzima wa mirija myembamba inayokusanya nyongo, na matawi yake madogo ultrasaundi haiyaoni vizuri. Kwa watoto hapo ndipo lilipo swali kubwa. Wapo ambao kinga inapiga seli za ini peke yake, na wapo ambao inapiga seli na mirija kwa pamoja. Ukiwatazama hawa wawili machoni hawatofautiani, na hata damu zao zinaweza kufanana sana.

Hospitali ya King's College ya London iliwafuatilia watoto 55 na kuchapisha matokeo mwaka 2001. Wote walipigwa picha ya mirija tangu mwanzo, na 27 kati yao wakakutwa mirija nayo imeguswa. Karibu nusu! Tangu hapo picha ya mirija imekuwa jambo la lazima, na mwongozo wa madaktari wa ini za watoto wa Ulaya wa mwaka 2018 unasema kila mtoto mwenye ugonjwa huu apigwe, na ianze ile ya MRI kwa sababu haiingizi mpira wala kamera mwilini.

Kwenye kioo, mirija mizima ni kama matawi ya mti yanayozidi kuwa membamba kuelekea nchani. Iliyoguswa hubana hapa, ikatanuka pale, ikabana tena, mpaka inafanana na shanga kwenye uzi. Picha hii mara nyingi haihitaji sindano ya dawa ya kung'arisha, kwa kuwa nyongo ni maji na maji yenyewe ndiyo yanayong'aa.

"Ampe uji kwanza, njia ni ndefu"

Mama mmoja wa Njombe alimpa mtoto chai na maandazi stendi ya Makambako, kwa huruma ya mama. Tulipompiga, tumbo lilikuwa limejaa maji yanayong'aa mbele ya mirija, na kifuko cha nyongo kilikuwa kimejikamua kikabaki kama zabibu kavu. Wakarudi siku nyingine. Mtoto akae muda wa kama saa nne bila kula, na maelekezo kamili mtayapata mnapopewa tarehe. Kuna hospitali ambazo humpa mtoto juisi ya nanasi dakika chache kabla ya picha, na wazazi hudhani ni zawadi. Nanasi lina madini ya manganisi, na manganisi huyafanya maji ya tumboni yawe meusi kwenye picha ili mirija ionekane. Msimpe nyumbani kwa kujiamulia lakini.

Kelele zipo, na si kidogo. Ni kama umekaa ndani ya mashine ya kusaga huku fundi anagonga bati. Tunamziba masikio na mzazi anaweza kukaa pembeni yake. Wadogo wa chini ya miaka sita hivi mara nyingi hulazwa kwa dawa, wakubwa wengi wanaweza kutulia wakielezwa mapema. Yule binti wa Rungwe nilimwambia ahesabu ndizi kwenye mkungu mpaka kelele ziishe. Alitoka akaniambia zilikuwa mia mbili na kumi, na nyingine zilikuwa mbovu.

"Kuna MRI, basi hakuna haja ya kukata kinyama"

Kinyama ni kipande kidogo cha ini kinachotolewa kwa sindano kikapimwe. Hili linaogopwa kuliko yote. Wengine husema ini likichomwa sindano linaoza. Haliozi. Wanaangalia damu inavyoganda kwanza, na baada ya hapo mtoto hulazwa kwa saa kadhaa akiangaliwa.

Fikiria mnunuzi wa maharage pale sokoni Mwanjelwa. Anachoma gunia kwa bambo, anatoa punje chache kiganjani, anazitazama kwa karibu: zina wadudu, zina unyevu, ni za msimu gani. Kinyama ndiyo bambo hiyo. Kinaonyesha seli zenyewe, aina ya askari waliovamia, kiasi cha kovu. Ila ni takriban sehemu moja tu kati ya 50,000 za ini. MRI ni kulitazama gunia zima kwa nje na ndani bila kulitoboa, lakini punje moja moja huioni. Mnunuzi mwenye akili hufanya yote mawili.

Zipo MRI mpya zinazosogea karibu zaidi. Moja huweka kisahani juu ya mbavu za kulia kinachomtikisa mtoto taratibu, mara 60 kwa sekunde, na kupima mtikiso unavyosafiri: kwenye ini gumu unakwenda kasi. Nyingine hupima jinsi maji ndani ya ini yanavyoitikia sumaku, na watafiti wa hospitali ya watoto ya Warsaw, Poland, wameijaribu kwa watoto wenye ugonjwa huuhuu. Zinavutia, hasa kwa kufuatilia. Lakini ini linaweza kuwa gumu kwa kovu, na linaweza kuwa gumu kwa uvimbe wa ugonjwa uliochachamaa, na kipimo hakikupi jibu la yupi ni yupi kwa uhakika.

"Picha imetoka safi, hana kitu"

Ugonjwa ukiwa mapema, ini linaweza kuonekana zuri kabisa kwenye MRI. Utambuzi unajengwa na damu (vimeng'enya vya ini, IgG (aina ya kingamwili) iliyopanda, zile kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe), kwa kuondoa virusi na magonjwa mengine, na kwa kinyama. Picha ni shahidi mmoja.

"Mashavu yamejaa, amepona"

Mashavu hayo ni ya prednisoloni. Dawa hii, mara nyingi pamoja na azathioprini, hutuliza kinga, na kwa wengi macho hurudi meupe. Hapo ndipo familia nyingi huacha. Ukiikatisha ghafla, mwili uliozoea kuipata unaweza kuzidiwa, na ugonjwa hurudi. Madaktari hawafikirii hata kujaribu kuiacha kabla ya miaka miwili au mitatu ya damu iliyotulia. Na kwa wale wa mirija, damu inaweza kutulia huku mirija ikiendelea kubana kimya kimya. Ndiyo sababu ya kuitwa tena kwenye sumaku mtoto akiwa anacheza na kula vizuri.

"CD ya zamani itupwe, watapiga mpya"

Mpya bila ya zamani ni nusu ya kazi, kwa sababu tunatafuta tawi lipi limebadilika. Bibi wa Rungwe aliporudi alikuwa nayo, imefungwa kwenye kitenge mara tatu, juu yake ameweka mananasi mawili. "Moja la mashine," akasema, "moja lako." Nikamwambia ndaga, yaani asante kwa Kinyakyusa, bibi. Sahani ya plastiki hawakuja nayo safari hii.