Biskuti zikitandaa, msiulaumu unga

Kila anayenijia na swali la biskuti zilizotandaa trei nzima zikawa bapa moja, huja na jibu lake mkononi: aliambiwa aongeze unga, akaongeza, na sasa biskuti hazitandai lakini hazitafuniki. Wengine wameambiwa hivyo na mama mkwe, wengine na jirani, na wengine, jambo linalonikera kuliko yote, wameambiwa na watu wanaouza biskuti. Nimechoka kulijibu hili mmoja mmoja.

Sikatai kwamba unga ukizidi biskuti hazitandai. Unga hunyonya maji yote yaliyomo, donge likakauka, na donge lililokauka halina namna ya kutiririka. Lakini hayo ni sawa na kutega beseni chini ya bati linalovuja: sakafu itakuwa kavu, na tundu litabaki pale pale. Kinachopotea ni utamu, harufu ya iliki na ule wepesi wa kumumunyika mdomoni, kwa kuwa kila kijiko cha unga usiohitajika hupunguza sehemu ya siagi na sukari katika kila biskuti.

Biskuti ikiingia katika oveni, mambo mawili hushindana. Mafuta huyeyuka na sukari huanza kuwa shira, donge likalegea na kuenea. Wakati huo huo yai na wanga hupata joto na kuanza kulishikanisha. Biskuti hutandaa katika muda ulio baina ya kulegea na kushikana, basi. Ukitaka isitandae, ama ucheleweshe kulegea, ama uharakishe kushikana.

Sasa nije kwenye siagi, ambako ndiko makosa mengi yanakotoka. Mapishi mengi tunayoyafuata yameandikwa Uingereza au Marekani, na yote husema siagi iwe ya joto la chumba. Chumba kinachokusudiwa ni cha nyuzi 20 hivi za Selsiasi. Jikoni Mombasa mwezi wa Februari, oveni ikiwa imewashwa, ni nyuzi 30 na zaidi, na siagi huyeyuka kabisa kati ya nyuzi 32 na 35. Kwa hiyo mtu anayetii maelezo hayo neno kwa neno, akaiacha siagi mezani tangu asubuhi, anaanza kazi na mafuta yaliyokwisha kulegea kabla hayajaona moto. Siagi ya namna hiyo haiwezi kushika hewa unapoipiga na sukari, hata ukaipiga mpaka adhuhuri; utaona inang'aa kama mafuta badala ya kuwa nyeupe na nyepesi. Hapo biskuti zimeshatandaa, bado tu hujaziona. Dawa yake haina gharama: ikate siagi vipande vidogo ikiwa bado ya friji, ingoje dakika chache tu, na uanze kuipiga wakati kidole kikiibonyeza huacha alama bila kuzama. Ukishamaliza donge, liviringe, kata biskuti zako, kisha zirudishe kwenye friji nusu saa hadi saa moja kabla ya kuoka. Umeme ukikatika, weka trei juu ya sinia lenye barafu.

Kuhusu huko kupumzisha donge, vitabu husema kwa uhakika kwamba ni ubaridi wa mafuta unaosaidia. Mimi sina uhakika huo. Katika muda ule ule unga nao hunywa maji na donge hukaza, na sijapata njia ya kuyatenganisha mambo haya mawili jikoni mwangu. Nimeoka donge lililopumzika kisha likarudi katika joto la jikoni, na bado lilitandaa kidogo kuliko lile ambalo halikupumzika kabisa. Basi pumzisheni, na sababu tuziache zigombane zenyewe.

Majarini ni suala jingine. Siagi huwa na mafuta asilimia 80 hivi, na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Majarini za kupaka mkate, hasa zile laini za kopo, nyingi zina mafuta pungufu ya hapo na maji mengi zaidi, na zimetengenezwa makusudi ziwe laini hata zikiwa baridi. Soma kibandiko kabla hujaulaumu unga.

Anayetilia shaka maneno yangu na atazame nankatai, zile biskuti za samli. Mapishi yake mengi huwa na samli kiasi cha nusu ya uzito wa unga, au zaidi, hayana yai wala maziwa ya maana, na huokwa kwa moto wa upole. Kwa hoja ya waongeza unga, nankatai zingepaswa kuwa shuka moja la mafuta. Badala yake hukaa zimevimba na kupasuka juu, na mpasuko huo ndio sifa yake. Sababu ni kwamba samli haina maji, kwa hiyo sukari haipati pa kuyeyukia, na pasipo shira donge halitiririki sana. Tena hutumika sukari ya unga, ambayo kwa kawaida huchanganywa na wanga kidogo ili isigande, na wanga huo nao husaidia kukaza. Lakini hata nankatai zitatandaa ukitumia samli iliyoyeyuka kama mafuta ya taa. Ndiyo maana wanaozijua huipiga samli iliyoganda mpaka iwe nyeupe kabla ya kutia kitu kingine chochote.

Wapo wanaokwepa unga na kukimbilia beking pauda, au soda ya kuokea, wakidhani biskuti ikiumuka haitalala. Soda ikizidi huliacha donge na ubesi mwingi, yaani kinyume cha uchachu, glutini (ile protini ya unga inayolishika donge) hudhoofika, biskuti hutandaa zaidi, hubadilika rangi upesi na kuacha ladha ya sabuni. Na tafadhali, magadi ya kuchemshia maharage yabaki kwenye maharage.

Trei isipakwe mafuta mengi, na isiwe bado ya moto kutoka mkupuo uliopita. Oveni ipate moto kamili kabla ya kuingiza kitu. Kwa biskuti za siagi na yai, nyuzi 180 zinatosha. Anayeoka kwa kupalia makaa juu na chini aanze na makaa mengi zaidi juu, kwani donge likipata joto la chini peke yake huyeyuka kabla halijashikana.

Kuna hali moja ambayo unga kweli ulipungua, na ndiyo iliyozaa uvumi wote huu. Kikombe kimoja kinaweza kubeba gramu 120 za unga uliochekechwa, au gramu 150 na ushei ukichotwa na kushindiliwa. Aliyechota kwa mkono mwepesi atakuwa amepunguza unga bila kujua, naye akiongeza atafaulu, kisha atamfundisha kila mtu kuongeza. Nunueni mizani.

Wasomaji wa Nairobi huniandikia kwamba kwao biskuti hutandaa ilhali jikoni kuna baridi. Huko juu kanieneo ya hewa, yaani mgandamizo wake, ni ndogo, maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na gesi ya beking pauda hutanuka zaidi, kwa hiyo mimi ningeanza kwa kupunguza beking pauda na sukari kidogo. Ni kiasi gani hasa, inategemea mapishi, na sijaoka huko vya kutosha kuwapa vipimo.

Kabla ya kuoka trei nzima, oka biskuti moja. Usiihukumu ikiwa bado ya moto, maana biskuti nzuri hutoka laini na kukaza inapopoa. Ikiwa imelala katika dakika za mwanzo kabisa, lipoze donge lililobaki. Ikiwa ilisimama vizuri kisha ikaenea polepole huku ikikawia kupata rangi, ongeza moto wa oveni na uoke nyingine moja.