Bwawa la umeme haliharibu kwa kuzamisha tu

Wengi hudhani bwawa la umeme huharibu mambo ya kale yaliyozama nyuma ya ukuta wake tu, basi. Sivyo. Tazama Grand Canyon, korongo kubwa la Marekani, ambako mto Colorado hupita baada ya kutoka bwawa la Glen Canyon, lililoanza kuzuia maji mwaka 1963. Zamani mto uliacha mchanga kingoni, upepo ukaupeperusha juu ya kuta za mawe na vigae vya vyungu vya Wapueblo wa kale, wenyeji wa asili wa eneo hilo, ukavifunika kama blanketi. Sasa mchanga mwingi unakwama katika ziwa lililo nyuma ya bwawa. Mvua ikinyesha inachimba vijifereji, na kigae kilicholala karne nyingi kinachungulia nje. Tangu 1996, maji mengi huachiliwa makusudi, mara mojamoja, kurudisha mchanga kingoni. Inasaidia, ila si kila mahali.