Je, wajua kwa nini mbegu ya biringanya hugoma kuota kwenye baridi?

Chukua pakiti moja ya mbegu za biringanya, nusu uisie Morogoro na nusu Njombe, siku hiyohiyo ya mwezi wa saba. Morogoro miche itaanza kuchungulia baada ya wiki moja na ushei. Njombe wiki tatu zinakatika, kitalu bado udongo mtupu, na mwenye kitalu ameshaanza kumlaani muuza pembejeo. Safari hii muuzaji huenda hana kosa.

Asili ya biringanya ni nchi za joto za Asia. Mbegu yake ikimwagiwa maji huyavuta hata kwenye baridi, lakini hapo ni mwanzo tu. Kinachofuata ndicho kinachodai joto: vimeng'enya vya ndani vivunje akiba ya mafuta na protini, iwe chakula cha mche mchanga. Udongo ukiwa na nyuzijoto 30, miche hutoka kwa siku 5 au 6. Kwenye 25 ni kama siku 8, kwenye 20 siku 13 hivi. Ukishuka hadi 15, ukiona mche shukuru. Kabichi kwenye 15 hiyohiyo huota ndani ya siku 10, ndiyo maana nyanda za juu kabichi haimsumbui mtu.

Na hasara si kuchelewa peke yake. Mbegu iliyokwisha kulowa halafu ikakaa bila kuota ni karamu ya kuvu. Nyingine huozea ardhini, nyingine hutoka kisha shina linanyauka usawa wa udongo na mche unalala. Hicho ni kinyausi, na mkulima akiona hivyo huongeza maji, yaani anazidi kuharibu.

Joto linalohesabika hapa ni la udongo. Mchana unaweza kuvua sweta huku kitalu bado ni baridi, hasa kikiwa kimelowa chepechepe, maana maji yanapokauka huondoka na joto. Ukimwagilia maji ya bomba ya alfajiri umeirudisha mbegu nyuma. Yaache juani kwanza.

Mimi somo hili nilifundishwa na jaa. Trei yangu ilikaa siku 18 barazani bila dalili, nikaimwaga kwa hasira kwenye rundo la mboji. Wiki iliyofuata miche ya biringanya ilikuwa imesimama pale juu kama inanicheka. Rundo lile lilikuwa linaoza, na kinachooza hutoa joto. Wakulima wa bustani wa Ulaya walilitumia jambo hilo zamani kabla ya umeme: walirundika samadi mbichi ya farasi, wakatandaza udongo juu, wakasia humo wakati nje kuna theluji. Siku hizi wengi hutumia mkeka wa umeme chini ya trei, wakianza Februari ili miche itoke nje mwishoni mwa Mei au Juni.

Kwetu trei inaweza kukaa jikoni, karibu na mafiga lakini si juu yake, imefunikwa nailoni. Gizani si tatizo, mbegu itaota tu. Ila siku unapoona shingo ya kwanza, funua uitoe kwenye mwanga siku hiyohiyo. Ukichelewa siku mbili tatu utapata miche mirefu, myembamba, iliyopauka, na hiyo hainyooki tena. Usiku irudishe ndani.

Miche hukaa kitaluni wiki 8 hivi, pengine 10 kukiwa na baridi. Kwa Njombe ningesia mwanzoni mwa Septemba, ili ya kupandikiza iwe tayari Novemba, udongo ukiwa umeshapata moto. Wanaowahi Agosti hawapati faida yoyote: mche wa biringanya kwenye udongo wa baridi husimama palepale, majani yanageuka manjano, na ule wa Novemba unaukuta njiani na kuupita.